LHC kuongezewa "nguvu mara kumi": hesabu za usalama bado zinasimama?

Pwani_Elimu

Wakuu, salaam. Kuna ujumbe wa sauti unaosambaa kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu LHC, ule mtambo wa CERN (maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe) wa kugonganisha protoni ulio chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Msemaji anasema unazimwa ili uongezewe nguvu mara kumi, na ukiwashwa tena utazaa shimo jeusi litakaloimeza Dunia. Anaongeza mawili: kwamba mwaka 2008 mtambo ulilipuka siku chache baada ya kuwashwa na tukanusurika, na kwamba wanasayansi walishtakiwa wakashindwa kuiambia mahakama kuwa hatari ni sifuri.

Nahitaji majibu ya kupeleka darasani, kidato cha tano na cha sita. Ni wanafunzi wanaojua jouli na wasiokubali jibu la "wataalamu wamesema". Hiyo mara kumi ni ya kitu gani hasa? Nini kililipuka 2008? Na ile hoja kwamba miale ya kosmiki (chembe za kasi zinazoipiga Dunia kutoka anga za mbali) hufanya migongano hiyohiyo kila siku, haina tundu kweli? Maana wapo wanaoijibu hivi: vitu vinavyozaliwa na miale hupita kwa kasi na kutokomea, vya mtambo vinaweza kubaki humu humu.

Hesabu_Kwanza

Mwalimu, kosa la ujumbe huo linaanzia kwenye neno "nguvu". Katika Kiswahili cha kila siku linabeba vitu viwili ambavyo hapa lazima vitenganishwe: nishati ya mgongano mmoja mmoja, na wingi wa migongano. Ukarabati uliopangwa kuanzia katikati ya 2026 hadi 2030 unahusu wingi. Mikondo ya protoni itabanwa iwe myembamba zaidi pale inapokutana, protoni nyingi zaidi zigongane kila makundi yanapopishana, na takwimu zitakazokusanywa katika uhai wa mtambo zifike karibu mara kumi ya zile za mpango wa awali. Nishati ya mgongano mmoja ilishafika TeV 13.6 (TeV ni elektronivolti trilioni moja) mwaka 2022, na mtambo ulisanifiwa kwa TeV 14 tangu mwanzo. Barabara ikipata magari mara kumi, ajali huenda zikaongezeka, lakini kila ajali inabaki ya mwendo uleule.

TeV 14 ni kiasi gani? TeV 1 ni takriban jouli 0.00000016, yaani karibu nishati ya mbu mmoja akiwa anaruka. TeV 14 ni maikrojouli 2.2. Ukubwa wake unatokana na kubanwa: nishati ya mbu kadhaa imekusanywa ndani ya nafasi ndogo mara trilioni kuliko mbu.

Sasa miale ya kosmiki. Hapa watetezi wengi wa LHC nao hukosea, kwa hiyo iandike ubaoni hatua kwa hatua. Tarehe 15 Oktoba 1991 kituo cha Fly's Eye huko Utah, Marekani, kilinasa alama ya chembe moja iliyoingia angani ikiwa na elektronivolti 3.2 × 10²⁰, yaani TeV milioni 320. Ukigeuza kuwa jouli unapata kama 51: nazi ya kilo moja iliyodondoka kutoka mita tano, yote ndani ya chembe moja. Mtu akiona milioni 320 dhidi ya 14 hutangaza ushindi hapo hapo, lakini ulinganisho huo si halali. Chembe ya angani hugonga kiini kilichotulia kwenye hewa, na sehemu kubwa ya nishati huishia kuyasukuma mabaki mbele. LHC hugonganisha protoni uso kwa uso, nishati yote ikapatikana kwa ajili ya kuunda vitu vipya.

Kanuni ya kubadilisha: nishati inayofaa = mzizi wa pili wa (2 × E × m), ambapo E ni nishati ya chembe inayokuja na m ni uzito wa protoni katika nishati, TeV 0.000938. Ukitaka kujua chembe ya angani inahitaji E gani ili ilingane na LHC, geuza: 14 × 14 = 196; gawanya kwa 0.001876, unapata kama TeV 104,000, yaani elektronivolti 10¹⁷. Kipimo chetu basi ni hicho: kila chembe inayofika na 10¹⁷ au zaidi imefanya mgongano wa LHC au mkubwa zaidi.

Ile ya Utah: 2 × 320,000,000 × 0.000938 ni kama 600,000, mzizi wake ni TeV 775. Hiyo ni mara 57 ya 13.6. Mwanafunzi mjanja atauliza: kama haikuwa protoni bali kiini cha chuma? Swali zuri, maana aina yake haikuweza kuthibitishwa. Gawanya nishati kwa nukleoni 56 (protoni na nyutroni za kiini hicho), rudia hesabu, utapata takriban TeV 103 kwa kila jozi. Bado ni zaidi ya mara saba.

Halafu idadi. Kikundi cha tathmini ya usalama cha CERN (Ellis, Giudice, Mangano, Tkachev na Wiedemann, ripoti ya 2008) kilikadiria kwamba tangu Dunia iumbike imegongwa na zaidi ya chembe 3 × 10²² zenye 10¹⁷ na kuendelea. Mpango mzima wa awali wa LHC ulikadiriwa kuwa migongano kama 10¹⁷. Gawanya: Dunia imeshapitia "LHC" laki moja na zaidi. Weka sasa ile mara kumi ya ujumbe wa WhatsApp kwenye hesabu. Bado unabaki na makumi ya maelfu. Na hapo hujaligusa Jua, ambalo eneo lake ni kama mara 12,000 ya eneo la Dunia.

NyotaKibete

Naunga mkono hesabu hizo, ila kwa mashimo meusi peke yake hazitoshi, na mwalimu ameliona tundu lenyewe. Waliolitafuta kwa makini zaidi ni wanafizikia wenyewe.

Tundu ni hili. Mgongano wa angani ukizaa shimo jeusi dogo, litakuwa linakwenda karibu na kasi ya mwanga, kwa sababu mabaki yote yamesukumwa mbele. Kama halina chaji, litapenya Dunia kama risasi kwenye ukungu na kutoka upande wa pili. Katika LHC protoni mbili hukutana zikiwa na kasi sawa kutoka pande mbili, hivyo baadhi ya mashimo yangeweza kuzaliwa polepole, chini ya kilomita 11.2 kwa sekunde, yakanaswa na mvutano wa Dunia. Kwa hiyo kuendelea kuwepo kwa Dunia hakuthibitishi usalama wa mashimo yasiyo na chaji. Yenye chaji ni habari nyingine: hayo husuguana na atomu na yangesimama ndani ya miamba hata kama yamezaliwa angani.

Giddings na Mangano waliliziba tundu hilo mwaka 2008 kwa kuhama Dunia kabisa. Walitazama nyota kibete nyeupe: masalia ya nyota yenye uzito wa kukaribia Jua, yaliyojikunja hadi kufikia ukubwa wa Dunia. Kijiko cha chai cha maada yake kina tani kadhaa. Shimo dogo la kasi likiingia humo linasimamishwa, hata bila chaji. Nyota hizi zinapigwa na miale ileile ya kosmiki. Wakachagua zile zenye uga dhaifu wa sumaku, ili miale isipunguziwe nishati kabla ya kufika, wakakokotoa muda ambao shimo lililonaswa lingechukua kuila nyota. Matokeo yanagawanyika mara mbili. Katika baadhi ya nadharia shimo lingekua polepole mno kiasi kwamba Jua litazimika kabla Dunia haijadhurika. Katika nyingine, ambako lingekua haraka, nyota kibete zingeangamia mapema kuliko umri tunaouona. Lakini zipo angani, zimepoa kwa mabilioni ya miaka. Nyota za nyutroni, ambazo ni nzito zaidi kwa kila sentimita, zinatoa ushahidi wa aina hiyohiyo.

Zingatia kwamba hesabu hii yote inafanywa baada ya kumpa mpinzani kila anachotaka. Kwanza, shimo lisizaliwe kwa fizikia ya kawaida bali kwa nadharia za vipimo vya ziada vya anga. Kwa mvutano tunaoujua, shimo jeusi dogo kabisa linahitaji nishati ya Planck, TeV 1.2 × 10¹⁶. LHC ina upungufu wa kama mara bilioni milioni moja. Pili, shimo lisiyeyuke. Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba mashimo meusi hutoa mionzi, na kadiri shimo lilivyo dogo ndivyo linavyotoweka upesi. Shimo la LHC lingeisha kwa muda wa kama 10⁻²⁷ ya sekunde. Hoja ya nyota kibete haitegemei Hawking hata kidogo. Mwanafunzi akisema "mionzi ya Hawking haijawahi kuonekana," mwambie ni kweli, kisha mpeleke kwenye nyota.

Shimo likizaliwa na kuyeyuka, lingeacha mlipuko wa chembe nyingi pande zote ndani ya vipimio. CMS, kimojawapo cha vipimio vikubwa vya LHC, ilianza kutafuta alama hiyo kwenye takwimu za 2010, na utafutaji umeendelea hadi TeV 13. Halijaonekana hata moja.

FundiBaridi

Mimi nijibu la mwaka 2008, maana hapo ujumbe umechanganya tukio la kweli na sababu ya uongo.

Mkondo wa kwanza ulizunguka njia nzima ya kilomita 27 tarehe 10 Septemba 2008. Ajali ikatokea tarehe 19. Siku hiyo, katika sehemu iliyoharibika, hapakuwa na protoni kabisa. Walikuwa wanajaribu umeme wa sumaku. Mgongano wa kwanza wa LHC ulifanyika Novemba 2009. Anayesema shimo jeusi lilikaribia kuzaliwa siku ya ajali anazungumzia mtambo ambao ulikuwa haujagonganisha kitu.

Kilichotokea ni hiki. Sumaku za kupinda mkondo ziko 1,232, kila moja mita 15, tani kama 35. Nyaya zake ni za niobi na titani, zimezamishwa kwenye heliamu ya majimaji kwa kelvini 1.9, nyuzi −271.3 za Selsiasi. Kwenye baridi hiyo waya haina ukinzani. Lakini sumaku na sumaku huunganishwa kwa viungo vilivyolehemiwa, na kiungo kina ukinzani wake mdogo. Kizuri hakifiki nano-omu moja. Kimoja kilikuwa na takriban nano-omu 200. Umeme ulipofika ampea 8,700, piga I²R: 8,700 × 8,700 × 0.0000002, unapata wati 15. Balbu ndogo tu. Lakini mfumo wa kelvini 1.9 hauna pa kuzipeleka wati 15 zilizorundikana sehemu moja. Kiungo kikapata moto, upitishaji usio na ukinzani ukapotea, kikayeyuka, na cheche kubwa ya umeme ikatoboa chombo cha heliamu. Kadiri ya tani 6 za heliamu zilitoka. Vali za kupunguza shinikizo zilikuwa zimesanifiwa kwa uvujaji mdogo zaidi, hivyo shinikizo likazing'oa sumaku kwenye mihimili yake. Sumaku 53 zilipandishwa juu kwenda kutengenezwa au kubadilishwa. Hakuna aliyejeruhiwa, kwa kuwa watu hawaruhusiwi kuwa ndani wakati sumaku zimejazwa umeme kiasi hicho.

Dawa yake: vali nyingi na kubwa zaidi, na vipimio vinavyosoma ukinzani wa kila kiungo hadi chini ya nano-omu. Kisha tahadhari ya miaka: mtambo uliendeshwa kwa nishati ya karibu nusu (TeV 7, baadaye 8) hadi mwanzoni mwa 2013, ndipo ukasimamishwa na viungo zaidi ya 10,000 vikaimarishwa. TeV 13 ilifikiwa 2015.

Hatari za mtambo zipo, na mwalimu asizifiche, kwa sababu mwanafunzi akizijua atatofautisha hatari ya fundi na hatari ya dunia. Lita moja ya heliamu ya majimaji hugeuka lita 700 na zaidi za gesi, ikafukuza oksijeni handakini. Ndiyo maana anayeshuka hubeba kinyago cha kujiokolea. Mkondo wenyewe, kwa usanifu wa awali, una makundi 2,808 yenye protoni bilioni 115 kila moja. Uzito wa protoni zote hizo haufiki nanogramu moja, ila nishati yake ni megajouli 362. Hiyo ni sawa na lita 11 hivi za petroli, na inaweza kumwagika kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukikosea njia unatoboa chuma.

Kwa hiyo vipimio karibu 4,000 vimepangwa kando ya njia vikihesabu chembe zinazopotea. Kimojawapo kikizidi kiwango, au umeme wa gridi ukiyumba, sumaku za pembeni huupiga teke mkondo uingie handaki la kando na kuishia kwenye gogo la grafiti la mita 8. Sumaku nyingine huuchora mkondo kama nyoka juu ya uso wa gogo, usipige pointi moja na kuichoma. Kuanzia kugundua hitilafu hadi kutoa mkondo nje ni mizunguko kama mitatu, na mzunguko mmoja ni maikrosekunde 89. Mfumo umejengwa hivi: kikikosekana kibali cha kuendelea, mkondo unatolewa. Aprili 2016 mnyama jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya kilovolti 66, umeme ukakatika, mtambo ukasimama kwa siku kadhaa. Hivyo ndivyo LHC inavyoharibika: inazima.

Darasa likitaka kujionea, CERN huweka hadharani ukurasa wa hali ya mtambo unaoitwa LHC Page 1. Mtambo ukiwa kazini utaona nishati ya kila mkondo, 6800 GeV au 6799 (GeV 1,000 ni TeV 1), na idadi ya protoni katika B1 na B2, yaani mikondo miwili. Maneno ya hali hupita kwa mpangilio: kuingiza, kupandisha, kubana, kisha "STABLE BEAMS", ndipo takwimu huchukuliwa. Ukiona nishati 450 GeV, mkondo umetoka tu mtambo mdogo wa SPS. Wanaosambaza picha za ukurasa huo wakisema ni "siri iliyovuja" hawajui kwamba uko wazi kwa kila mtu.

Pwani_Elimu

Asanteni sana, hasa hesabu ya wati 15, hiyo naiingiza kwenye zoezi. Yamebaki mahakama na sifuri. Na je, shimo jeusi ndilo hofu pekee?

Hesabu_Kwanza

Mahakama: Machi 2008 Walter Wagner na Luis Sancho walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Hawaii. Ilitupwa Septemba mwaka huohuo kwa msingi wa mamlaka ya mahakama: mchango wa Marekani katika mtambo haukutosha kuiweka chini ya sheria ya mazingira waliyoitegemea. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo 2010, ikiongeza kwamba walalamikaji hawakuonyesha tishio la kuaminika. Ombi la kusimamisha mtambo lililopelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2008 lilikataliwa, na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikalikataa lingine 2010. Kwa hiyo msemaji wa sauti amekosea, lakini nawe mwalimu usiseme "mahakama ilithibitisha LHC ni salama". Kazi hiyo haikufanywa na mahakama, wala si mahali pake.

Kuhusu sifuri, uangalifu unahitajika. Ukirusha kitu mara N na ajali isitokee hata mara moja, takwimu zinakuruhusu kusema: kwa uhakika wa asilimia 95, uwezekano wa ajali kwa kila mrusho hauzidi kama 3/N. N ikiwa kubwa, kikomo kinashuka, ila hakigusi sifuri. Ndiyo maana mwanafizikia mwaminifu anasita kulitamka neno hilo, na kusita huko hukatwa na kuwekwa kwenye video kama ungamo.

Lipo pia jambo ambalo wakosoaji walikuwa na haki nalo. "Dunia bado ipo" ni ushahidi wenye kasoro: kama isingekuwepo, nani angehesabu? Mnusurika hawezi kutumia kunusurika kwake kupima hatari. Tegmark na Bostrom waliliandikia hilo mwaka 2005, wakalizunguka kwa kutumia wakati ambao Dunia iliumbika ikilinganishwa na sayari nyingine. Walipata kwamba maangamizi ya asili ya aina hii hayawezi kutokea mara nyingi zaidi ya takriban mara moja kwa miaka bilioni. Adrian Kent naye, 2004, alilalamika kwamba vikomo vilivyotolewa kabla ya mtambo wa RHIC, wa kugonganisha viini huko Marekani, vilikuwa vimeridhika mapema mno, ukizingatia idadi ya watu walio hatarini. Kwa ukosoaji wa namna hiyo, faida ya tathmini ya 2008 ni kwamba iliegemea pia nyota zinazoonekana, si sisi wenyewe tu. Wafundishe wanafunzi na hilo: swali la wenye hofu lilikuwa halali, na limejibiwa.

NyotaKibete

Hofu nyingine kwa ufupi.

Strangeleti: bonge la kwaki (chembe zinazounda protoni na nyutroni) lenye kwaki za aina ya "strange", linalodhaniwa kwamba likigusa kiini cha kawaida linakigeuza kiwe kama lenyewe, na kuendelea hivyo. Hofu hii ni ya 1999, kabla RHIC ya Brookhaven, New York, haijaanza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. Jibu bora ni Mwezi. Hauna angahewa, kwa hiyo viini vizito vya kosmiki, vikiwemo vya chuma, hupiga miamba yake moja kwa moja kwa mabilioni ya miaka, na miamba hiyo nayo ina chuma. Mwezi bado ni mwezi. Tena hapa nishati kubwa inasaidia usalama: strangeleti, kama zipo, ni vitu vya baridi vilivyoshikana kwa ulegevu, na mgongano wa viini vya risasi (ile metali) katika LHC hufika joto la nyuzi trilioni kadhaa. Ni kutafuta barafu ndani ya tanuri. LHC imekuwa ikigonganisha viini vya risasi tangu Novemba 2010.

Ombwe: kwamba anga lenyewe si tulivu kabisa, na mgongano unaweza kuanzisha kiputo cha anga la aina nyingine kinachopanuka kwa kasi ya mwanga. Hut na Rees walilijibu 1983: miale ya kosmiki hugongana yenyewe kwa yenyewe huko angani kwa nishati kubwa kuliko mtambo wowote unaofikirika. Hapa tundu la kasi halipo, kwa sababu kiputo kikianza popote tunakopaona, kingekuwa kimeshafika.

Na lile swali linaloulizwa kila mara, mtu akipigwa na mkondo? Liliwahi kutokea, si LHC. Tarehe 13 Julai 1978 Anatoli Bugorski aliinama ndani ya mtambo wa U-70 huko Protvino, Urusi, kinga zikiwa hazifanyi kazi, na mkondo wa protoni wa GeV 76 ukapita kichwani mwake. Alipoteza uwezo wa kusikia sikio la kushoto na upande mmoja wa uso ukapooza, lakini aliishi na kumaliza shahada yake ya uzamivu.

MaabaraNdogo

Mwalimu, baada ya hesabu hizo waonyeshe miale yenyewe. Chemba ya ukungu inajengwa kwa saa moja.

Vifaa: chombo kiangavu cha glasi au plastiki ngumu, chini kama sm 20 kwa 20, kimo sm 15, bamba la alumini la mm 2 hadi 3 linalofunika mdomo wake, lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kipande cha blanketi la sufu kama sm 15 kwa 15, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, mililita 30, barafu kavu kilo 2, boksi jeupe la povu kama lile la kubebea samaki, tochi kali ya LED, udongo wa kufinyangia wa watoto kwa ajili ya kuziba.

Shikiza sufu ndani ya kitako cha chombo kwa vibanio au sumaku. Gundi nyingi huyeyushwa na alkoholi. Loanisha sufu hadi ishibe bila kudondosha. Geuza chombo juu chini juu ya bamba, ziba ukingo wote kwa udongo. Sawazisha barafu kavu ndani ya boksi, weka bamba juu yake ligusane kote, kisha zima taa. Mulika kwa pembeni, chini chini, karibu na bamba, nawe utazame kutoka juu. Subiri dakika 10 hadi 15. Mvuke hushuka kutoka kwenye sufu yenye joto, na sentimita moja hivi juu ya bamba unakuwa umepoa kupita kiasi cha kubaki mvuke, ila hauna pa kushikia. Chembe yenye chaji ikipita inaacha ayoni, matone yanazishika, na unaona mstari mweupe.

Mstari mwembamba ulionyooka na mrefu mara nyingi ni muoni, chembe inayozaliwa miale ya kosmiki inapogonga hewa. Mfupi mnene ni alfa ya radoni iliyomo hewani. Unaojikunja kunja ni elektroni ya nishati ndogo. Usawa wa bahari hupita takriban muoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, hivyo bamba lako la sentimita za mraba 400 linapitwa na kama 400 kwa dakika. Hutaona mistari mirefu 400: nyingi hushuka wima, na kwenye tabaka la sentimita moja zinaacha nukta tu. Mirefu ni zile zinazokuja kwa mshazari. Waambie ukweli pia kwamba muoni hizi nyingi ni mabaki ya chembe za GeV kadhaa au makumi, si zile za 10¹⁷. Hizo kubwa huhitaji vipimio vilivyotandazwa kilomita nyingi.

Usalama: glavu nene, maana barafu kavu ina nyuzi −78 na inaunguza ngozi, madirisha wazi, kwa sababu inageuka kaboni dioksidi, usiifungie kamwe kwenye chupa au chombo kisichopumua, kitapasuka, hakuna mshumaa wala sigara karibu na alkoholi.

Pwani_Elimu

Maabara yetu ina ile ya kusafishia mikono, asilimia 70. Itafaa?

MaabaraNdogo

Haitafaa. Asilimia 30 iliyobaki ni maji, nayo huganda juu ya bamba ikawa theluji nyeupe, weusi ukapotea na usione kitu. Ya jeli ni mbaya zaidi, haivukizi vizuri. Isipopatikana ya 99, ethanoli safi ya maabara ya asilimia 95 na kuendelea inafanya kazi, mistari ikiwa hafifu kidogo. Ukiona mvua ya matone madogo lakini hakuna mistari, subiri dakika tano zaidi; ukiona ukungu unazunguka kama moshi, kuna tundu kwenye udongo, libonyeze. Ukiona giza tupu, shusha tochi hadi mwanga ulale sambamba na bamba.